Mtungi Usio na Kofia

Saa 2:05 asubuhi

Chumba cha nyuma cha duka la magodoro hakipitishi sauti. Ndiyo maana Shangazi alikipenda. Magodoro yalisimama kuta zote nne hadi darini, na ukikohoa mle ndani kikohozi kinafia mdomoni. Mtu angeweza kulia humo kutwa nzima, na mteja aliye mbele akaendelea kubonyeza godoro na kuuliza litadumu miaka mingapi.

Walikuwa wanne juu ya viti vya plastiki. Katikati stuli, juu ya stuli ramani iliyochorwa kwa kalamu nyekundu.

Shangazi ndiye mwenye kazi. Mwanamke wa miaka hamsini na ushee, miwani ya kusomea puani, mkoba mweusi mapajani. Ungemkuta benki ungempisha kwenye foleni. Kushoto kwake Nyundo, mtu wa mabega mapana na maneno machache, ambaye kazi yake haikuhitaji maelezo. Kulia kwake Gia, dereva. Na mbele yake mzee mmoja mwembamba waliyemwita Stoo.

Stoo hakuwa jambazi. Alikuwa ameshika ghala la kemikali miaka kumi na tisa, akaachishwa, na sasa aliosha madumu matupu na kuyauza sokoni. Alikuja pale kwa sababu moja tu, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa hatua mbili kutoka kwake ikitazama sakafu. Gia alikuwa mume wa binti yake.

Nyundo alishindwa kujizuia. Alikuwa amemwona Gia akiingia, akimwamkia mzee kwa kuinama, kisha akisogeza kiti chake mbali ili goti lake lisiguse goti la mkwewe.

"Nimeiba na walevi, nimeiba na mwalimu wa dini," Nyundo alisema. "Kuiba na ukwe ndiyo leo."

Gia alizidi kuinamisha kichwa.

Binti alikuwa na mimba ya miezi minane. Ya tatu. Mbili za kwanza hazikufika. Safari hii daktari alisema atajifungua kwa upasuaji, Alhamisi, na mumewe awepo. Lakini mumewe alikuwa mtu wa Shangazi, na kwa Shangazi kazi haiachwi. Wa mwisho kuacha alikutwa kwenye shimo la maji taka. Wiki mbili nyuma binti alikwenda kwa baba yake, akasimama katikati ya madumu, tumbo mbele, akasema kama Gia atakufa yeye haendi hospitali yoyote, atakaa nyumbani na tumbo lake. Hakulia. Angelia ingekuwa nafuu.

Ndipo Stoo akamwendea Shangazi kwa miguu yake mwenyewe. Alijua Shangazi alikuwa anamtafuta awaonyeshe yaliyomo kwenye lile ghala lake la zamani, na kwamba Gia aliona haya kulifikisha neno hilo kwa mkwewe. Wakapatana. Kazi moja. Stoo aonyeshe, wachukue, na kuanzia siku hiyo Gia hana deni la kazi kwa mtu yeyote.

Shangazi akaweka kidole kwenye ramani.

"Saa saba kamili king'ora cha ghala kinalia. Ni zoezi la moto. Wafanyakazi wote wanakwenda geti la mbele kuhesabiwa. Dakika ishirini. Geti la nyuma liko wazi, mlinzi wake ni wetu. Tunaingia na ovaroli na barakoa. Siku ya zoezi, mtu mwenye barakoa hakuna anayemuuliza kitu."

Walichokwenda kuchukua ni chupa sita za zebaki. Wachimbaji wa dhahabu waliitafuta kama maji ya jangwani, na serikali ilikuwa imeipiga marufuku. Kampuni yenye ghala ilikuwa imeziweka kwenye kizimba cha wavu zikisubiri kuteketezwa. Mnunuzi alikuwa tayari.

Tatizo lilikuwa moja. Kampuni ilikuwa inabadilisha lebo. Jana walikuwa wamebandua za zamani ghala zima. Kesho wangebandika mpya. Leo kila kitu mle kilikuwa uchi, bila jina, bila namba, bila zile alama za pembe nne zenye fuvu na moto.

Nyundo aliuliza kwani mtu mzima anashindwaje kuijua chupa ya zebaki. Stoo akamjibu bila kupandisha sauti. Mle ndani kuna vyombo mia nane. Ukiona pipa la plastiki la bluu lenye vitundu viwili vidogo juu, humo kuna asidi au ndugu yake, kwa sababu asidi hula bati. Pipa la chuma ambalo mfuniko wake unatoka mzima na kufungwa kwa pete, humo kuna unga. Tangi lenye ncha bapa lina kimiminika kilichotulia. Chenye ncha za mviringo, hicho kina kitu kilichofungiwa kwa nguvu na kinataka kutoka.

"Na jambo moja," Stoo alisema. "Mle ndani hakuna risasi. Wala ndani ya gari tukishapakia. Cheche moja hatutabaki hata wa kuzikwa."

Nyundo alimtazama Shangazi. Shangazi akatikisa kichwa kukubali. Nyundo akachomoa bastola kiunoni na kuitia kwenye mkoba wa Shangazi.

Stoo aliona. Akashusha pumzi. Hakujiuliza kwa nini hawakubisha.

Saa 6:48 mchana

Gari lilikuwa la bodi ya kufunga, jeupe, limeandikwa ubavuni maneno ya wazoa taka. Walisimama kichochoroni nyuma ya ukuta wa ghala. Jua la utosi. Ovaroli ya Stoo ilinuka sabuni ya mtu mwingine.

Shangazi alishuka kuongea na mlinzi. Nyundo alikwenda kukojoa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi wakabaki wawili, mkwe na mkwewe, na kiti cha katikati kikiwa kitupu kama mpaka.

Gia alishika usukani kwa mikono miwili ingawa injini ilikuwa imezimwa. Akasema, akitazama mbele, kwamba alikuwa hajui aombe vipi msamaha. Mzee akamwambia asiombe. Akamuuliza kama nguo za mtoto zimeshafuliwa. Gia akasema zimefuliwa na kupigwa pasi, mkewe anapiga pasi hata soksi. Kisha Stoo akasema neno moja alilolibeba wiki mbili.

"Likitokea lolote, wewe hunijui. Nilikuteka. Umesikia?"

"Baba."

"Umesikia?"

Mlango ukafunguliwa, Nyundo akapanda.

Saa 7:02 mchana

King'ora kilipasua mchana. Wakasikia ghala likijitapika, viatu vya usalama vikipiga saruji kuelekea geti la mbele, watu wakicheka. Zoezi tu.

Gia alirudisha gari nyuma hadi jukwaa la kupakulia. Stoo na Nyundo wakaingia.

Harufu ilimpokea Stoo kabla macho hayajazoea. Miaka kumi na tisa. Paleti, zile chaga za mbao, zilikuwa zimepangwa vizuri, kijana aliyechukua nafasi yake alikuwa makini. Lakini bila lebo vyombo vilionekana kama watu waliovuliwa nguo wakapangwa mstari. Kila kimoja kilikuwa na mraba wa rangi iliyopauka pale lebo ilipokaa.

Kizimba kilikuwa kona ya mwisho. Nyundo alikata kufuli kwa mkasi wa chuma. Ndani, kwenye rafu ya chini, zilisimama chupa za chuma kumi na nne, zote kimo kimoja, zote rangi moja ya kijivu.

"Sita ni zipi?" Nyundo aliuliza.

Stoo alipiga magoti. Akashika ya kwanza shingoni, akaiinamisha. Nyepesi, kitu ndani kikachapachapa kama maji. Akaiacha. Ya pili vilevile. Ya tatu haikutaka kuinama. Chupa ya kimo cha kuku, uzito wa mtoto wa miaka kumi na mbili. Alipoilaza kidogo kitu ndani kikahamia upande wa pili taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani.

"Hii."

Walizipata zote sita kwa dakika nne. Nyundo alizibeba mbilimbili, mishipa ya shingo ikimtoka. Saa ya Stoo ilisema 7:09. Akadhani wamemaliza.

Alipogeuka, Shangazi alikuwa amesimama mlango wa kizimba, mkoba begani, kikaratasi mkononi. Hakutakiwa kuwa mle ndani.

"Mnunuzi ana rafiki," alisema. "Anataka gesi ya friji."

Stoo hakubishana. Dakika zilikuwa zinakwenda. Akawapeleka upande wa mitungi, akawaonyesha ile ya bati jepesi yenye masikio mawili juu, inayotupwa ikiisha. Nyundo akachukua minane. 7:14. Nje, mtu alikuwa anasoma majina kwa kipaza sauti, na watu waliitikia.

Na hapo Shangazi akauona mtungi ule.

Ulikuwa mnene na mfupi, rangi imechunika, umesimama peke yake pembeni. Kiunoni ulikuwa umefungwa mnyororo uliokomelewa ukutani. Juu, koki ya shaba ilikuwa haijafunikwa. Haukuwa na kofia.

Shangazi alikuwa ameishi kwa kuiba miaka thelathini. Alijua jambo moja kuhusu minyororo.

"Huo," alisema. "Ukate."

"Huo ni klorini, Shangazi."

"Umejuaje? Hauna lebo."

Stoo akamwonyesha ubavuni mwa koki, kidonge kidogo cha madini ya risasi kilichowekwa ili kiyeyuke moto ukitokea. Mtungi wa friji hauna kitu hicho. Akamwambia hauna bei ya maana, wanautumia kusafishia maji, umefungwa pale usije ukaanguka. Ukianguka bila kofia koki inakatika, na koki ikikatika tutakufa sote kabla hatujafika mlangoni. Hapa ghalani hakifungwi mnyororo kilicho ghali, kinafungwa kinachoua.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyezoea kudanganywa na mafundi.

"Mzee, umekaa humu miaka kumi na tisa. Ungekuwa wewe, cha thamani ungekiitaje mbele ya mwizi?"

"Shangazi, naapa kwa tumbo la binti yangu."

"Nyundo. Kata."

Mnyororo ukaanguka. Stoo alitafuta kofia kwenye rafu, chini ya paleti, ndani ya ndoo ya spana. Hakuna. Akaokota spana moja, akaitia mfukoni bila kuwaza. 7:18. Nyundo alikuwa ameshaanza kuuviringisha mtungi kama gogo, na Stoo akamkimbilia, akausimamisha, akaukumbatia. Wakaubeba wawili, hatua kwa hatua, Stoo akiiangalia koki kama mtu anayebeba bakuli la mafuta ya moto.

Asubuhi walikubaliana kwamba wakati wa kutoka Stoo atakaa mbele na Gia. Shangazi akamfungulia mlango wa nyuma.

"Panda na mtungi wako, mzee. Si unauogopa? Ukaushike."

Nyundo akapanda naye. Komeo la nje likagonga.

Saa 7:24 mchana

Ndani ya bodi kulikuwa giza la kijivu. Mwanga uliingia kwa kitundu kimoja cha hewa juu kabisa, kwenye kona, upana wa kiganja. Stoo alikaa juu ya sanduku la zana, mtungi katikati ya mapaja yake, mikono yote miwili shingoni mwake. Chupa za zebaki ziligongana kila gari lilipokata kona. Nyundo alikaa sakafuni mbele yake, mgongo kwenye mlango.

Kando ya Nyundo kulikuwa na turubai jipya, bado na mikunjo ya dukani. Stoo alilitazama kwa muda. Chupa hazikuhitaji kufunikwa. Mitungi haikuhitaji kufunikwa.

Kisha akaona kamba ya nailoni ambayo Nyundo alikuwa anaizungusha mkononi, mzunguko wa kwanza, wa pili.

"Ulisema risasi haifai," Nyundo alisema. Sauti yake haikuwa na chuki. "Samahani, mzee. Sina ugomvi na wewe."

Stoo hakuuliza habari ya shingo yake.

"Na kijana?"

"Akishatufikisha."

"Tulipatana."

"Ulipatana na Shangazi," Nyundo alisema, kama mtu anayemweleza mgeni kwamba basi limeshaondoka. "Subiri tuvuke barabara kubwa. Hapa watu wengi."

Basi. Wiki mbili za hesabu zikayeyuka kama chumvi. Stoo aliwaza soksi zilizopigwa pasi. Akawaza Alhamisi. Mikono yake ilikuwa bado imeshika shingo ya mtungi, na dakika zote alizoukumbatia ule mtungi usianguke, alikuwa anawalinda watu hawa.

Aliyajua mambo mawili ambayo Nyundo hakuyajua. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, inajaza chumba kuanzia chini kama maji. Na kati ya bodi na kiti cha dereva kulikuwa na ukuta wa chuma.

Akatoa spana.

"Unafanya nini, mzee?"

"Inavuja kidogo. Naikaza."

Nyundo hakujua kukaza ni upande gani.

Stoo alivuta pumzi moja, yote iliyoweza kuingia. Akageuza. Mfyonyo ukatoka, mwembamba kwanza, kisha mnene, na rangi ya majani yaliyooza ikaanza kutambaa sakafuni. Akaruka juu ya sanduku la zana, akabandika mdomo kwenye kitundu cha hewa, akashikilia ukingo kwa vidole.

Nyundo alifanya anachofanya mtu mwenye nguvu. Alipiga ukelele, akainuka, akamvamia. Na kwa kila nguvu aliyoitumia alivuta pumzi kubwa zaidi. Mkono wake ulimfikia Stoo mguuni, ukaning'inia hapo, ukavuta, kisha ukabaki umeshika tu. Kisha haukushika.

Stoo alikuwa amefumba macho na bado yaliungua. Koo likawa kama limepigwa msasa. Hewa ya kitunduni haikutosha. Kwa kisigino akapiga ukuta wa mbele. Akapiga tena. Hakuwa anataka gari lisimame. Alitaka Gia ajue, aruke, akimbie.

Breki zililia. Gari likayumba, likaacha lami, likainama upande mmoja, likatulia. Chupa zote sita zikaporomokea pembeni kwa kishindo.

Mlango ukafunguka. Gia alisimama pale, kinywa wazi, na moshi ule ukashuka juu ya viatu vyake.

Saa 7:41 mchana

Gia alimburuta mpaka upande wa pili wa barabara, kwenye mtaro mkavu mbele ya wauza matairi. Stoo alimwonyesha kwa kidole, panda juu, unakotoka upepo, siyo bondeni, na Gia akampandisha. Maneno hayakutoka. Kila pumzi ilikuwa wembe.

Watu walikuwa wanakimbia. Katikati yao Stoo, kwa macho yanayotiririka, alimwona mwanamke mmoja akishuka kiti cha mbele cha gari. Alifunga mlango vizuri. Akatundika mkoba begani, akavuka barabara akiangalia kushoto na kulia, akaingia kati ya meza za nyanya na kupotea. Nani angemshuku mama wa watu anayetoka sokoni?

Gia alisema Shangazi alimwambia asisimame. Alimwekea bastola mbavuni chini ya mkoba. Lakini aliposikia teke la ukutani akajua ni mguu wa baba, akasimama.

"Ungekimbia," Stoo alikoroma.

"Ningekuachaje humo?"

"Nenda sasa. Hunijui."

King'ora kingine kikaja, safari hii cha kweli. Polisi kwanza, kisha zimamoto. Wakamtia Stoo pingu akiwa amelala. Gia wakamkalisha kando, chini ya ulinzi wa askari mmoja, bila pingu bado.

Kiongozi wa zimamoto alisimama mita hamsini kutoka kwenye gari na darubini. Mkononi alikuwa na kitabu kidogo kinene ambamo kila namba ya kemikali ina ukurasa wake. Akapekua. Akafunga.

"Afande, mle hakuna lebo. Hakuna namba. Nina mitungi, nina chupa za chuma, na kitu kinavuja. Siwezi kupeleka vijana wangu. Nikimwagia maji kitu nisichokijua naweza kuua mtaa mzima."

Ofisa wa polisi aliuliza wafanye nini.

"Tusubiri kiishe."

"Kuna mtu ndani. Miguu naiona."

"Naiona na mimi."

Stoo alijiinua kwa kiwiko. Akaita. Wakamsogelea.

"Mimi najua kilichomo," alisema. "Kimoja kimoja. Nimevishika kwa mikono hii."

"Sema."

"Kwanza andika."

Ofisa alimwangalia kana kwamba hakusikia sawasawa.

"Andika kwenye daftari lako. Dereva tulimteka leo asubuhi. Hatumjui, naye hatujui. Aende nyumbani kwake."

"Mzee, mtu anakufa mle."

"Najua. Andika."

Yalikuwa maneno mabaya na Stoo alijua ubaya wake. Kila dakika aliyoushika ulimi ilikuwa inatoka kwenye kifua cha Nyundo, kama bado kilikuwa na dakika. Alikuwa amemfungulia mtu kifo kwa spana, na sasa alikuwa anamkalia mlangoni. Hakuyageuza macho. Moshi ulikuwa unateremka pole pole bondeni, na watu walikuwa wakiukimbia na kuacha vibanda vyao.

Ofisa akatoa kalamu. Akaandika. Stoo akaomba aonyeshwe, akayasogeza macho yake mabovu mpaka karibu na karatasi, akaona neno dereva na neno ametekwa.

Ndipo akasema yote kwa mkupuo mmoja, akikohoa kati ya maneno. Chupa sita za kijivu ni zebaki, hazijapasuka, wasizikanyage. Mitungi minane ya masikio ni gesi ya friji, haina neno. Mnene ni klorini. Msiumwagie maji mtungi wenyewe, maji yatakula koki. Koki haijavunjika, imefunguliwa. Vaeni mitungi ya hewa mgongoni, ingieni mkiwa mmesimama wima, si kwa kutambaa. Koki igeuzeni kulia. Taratibu.

Dakika sita baadaye mfyonyo ulikoma. Wakamtoa Nyundo miguu ikitangulia, wakamlaza juu ya turubai lake mwenyewe. Kiongozi wa zimamoto alimwinamia, akamgusa shingo, akainuka, akamfunika uso kwa pembe ya turubai.

Saa 8:10 mchana

Hesabu ilikuwa imekaa sawa. Nyundo hawezi kusema. Shangazi amekwenda na hatarudi kutoa ushahidi. Mlinzi wa geti hakuwahi kumwona dereva uso. Duniani hakuna mdomo uliobaki wa kumfunga Gia, ila wake mwenyewe.

Ofisa alimsogelea Gia, akamwambia aache namba ya simu, ataitwa kama shahidi, aende zake akapumzike. Gia akasema asante afande. Akaanza kutembea. Stoo alimsikiliza akienda, viatu vyake kwenye kokoto, hatua tano, hatua kumi. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kifua chake, kilichoungua, kilishusha mzigo.

Muuguzi wa gari la wagonjwa alikuwa anamsikiliza mgongo. Akatoa kile chombo masikioni.

"Mapafu yanajaa," alimwambia ofisa. "Huyu usiku wa leo ni mrefu. Anatakiwa mtu wa kukaa naye, wa kusaini, wa kumpa maji. Ana ndugu?"

"Mzee, una ndugu?" ofisa aliuliza.

Stoo akatikisa kichwa. Hana.

Muuguzi hakuridhika. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, aliyezoea barabara. Akageukia watu waliokusanyika, wauza matairi, wauza nyanya, wapita njia.

"Jamani, mzee huyu hana mtu? Hakuna hata mmoja anayemfahamu? Aende hospitali kama maiti ya njiani?"

Watu walitazamana.

Kokoto zikaacha kulia.

Stoo alifumba macho. Kimoyomoyo akamsukuma yule kijana kwa mikono miwili, nenda, nenda, nenda.

"Yupo," sauti ikasema. "Mimi."

Ofisa aligeuka.

"Si mzee alisema hamjuani?"

Gia alirudi hatua zote kumi. Alisimama pale akiwa ameinamisha kichwa, mikono mbele, vilevile alivyosimama asubuhi kwenye chumba cha magodoro.

"Ni baba wa mke wangu," alisema.

Ofisa alimtazama, kisha akamtazama mzee, kisha daftari. Akauchana ule ukurasa, akaukunja, akautia mfukoni. Akafungua mwingine.

Ndani ya gari la wagonjwa waliwakalisha pamoja, mmoja amelala, mmoja kwenye kibenchi, pingu moja ikiwaunganisha. Hapakuwa na nafasi ya goti kukwepa goti. Stoo alivuta barakoa ya oksijeni ikashuka kidevuni.

"Alhamisi," alisema. "Nani atakwenda naye?"

Machozi yalimtoka Gia, na hayakuwa ya klorini. Akanyoosha ule mkono ambao haukufungwa, akairudisha barakoa usoni pa mzee, akaikaza vizuri nyuma ya masikio, na gari likaondoka.